Kubadili sakafu ya boti la pantoni: mbao ipi, boliti ngapi

Boti la pantoni ni sakafu bapa iliyofungwa juu ya maboya ya aluminiamu, na kazi hii huharibikia dukani kabla ya msumeno kuguswa. Ukiulizia marini bodi, yaani plaiwudi ya boti, Arusha mjini, mara nyingi utapewa ile nyeusi inayong'aa, ya kumwagia zege. Ikilowa inateleza vibaya, na ukiikata unaweza kukuta matundu katikati ya matabaka. Mbao za dawa, zile za kijani za kupaulia, ni mbaya zaidi: dawa yake ina shaba, na shaba ikikutana na maji hula aluminiamu, ambayo ndiyo mataruma yenyewe, yaani vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu. Tafuta plaiwudi ya milimita 18 yenye gundi ya kuhimili maji. Omba kipande, kichemshe saa moja. Matabaka yakiachana, usinunue.

Boti la futi 20 kwa 8 linachukua mbao 5 za futi 4 kwa 8, zikilazwa kukingama. Mataruma yakiwa kila sentimita 40, andaa boliti 100 hivi za stenlesi, milimita 6 kwa 40, pamoja na washa pana (vile visahani vyenye tundu vya kuweka chini ya boliti na nati).

Piga picha nyaya na reli kabla ya kufungua chochote. Boliti za zamani zikigoma, kata nati kwa grenda. Sakafu ikishatoka, kagua maboya: jaza upepo kidogo tu kwa pampu ya baiskeli, upake povu la sabuni kwenye maungio. Panapotoa mapovu, mpe fundi anayechomelea aluminiamu kwa gesi ya agoni.

Sasa panga mbao zote zikiwa kavu, kila ungio likae juu ya taruma, ukiacha nafasi ya milimita 3 maana mbao huvimba. Toboa matundu yote, halafu zitoe tena. Wengi huchoka hapa na kufunga moja kwa moja, na sakafu huanza kuoza kwenye matundu hayohayo. Paka epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu na kuzuia maji, mara mbili pande zote, mara tatu kwenye kingo, na ndani ya kila tundu. Juni na Julai baridi ya Arusha huichelewesha kukauka. Paka saa tano asubuhi, si jioni.

Funga kuanzia mbele. Washa ikianza kuzama kwenye mbao, umekaza kupita kiasi: tabaka la juu limepasuka na maji yatapita hapo. Malizia kwa rangi ya epoksi iliyonyunyiziwa mchanga laini uliochekechwa, miguu isiteleze.