Kabla hujakabidhiwa gari la soda

Wanaokuja kuomba kazi ya kusambaza soda hujiandaa sana kwa mtihani wa kuendesha. Wanafaulu, wanapewa funguo, halafu mwisho wa mwezi wanakuta mshahara umekatwa kwa ajili ya makreti ambayo hawakumbuki hata kuyaona. Kupeleka lori dogo la Canter kutoka depo mpaka Mbagala, hapa Dar es Salaam, si kazi ngumu kwa mtu aliyezoea usukani. Kazi ngumu ni hesabu, na hiyo hakuna anayekupima siku ya usaili.

Leseni tuimalize haraka. Kwa lori unahitaji daraja E, na ili ulipate uwe umekaa na daraja D si chini ya miaka 3. Cheti cha udereva cha NIT (chuo cha usafirishaji) au VETA (chuo cha ufundi) kiwe mkononi kabla hujaanza kuzunguka na bahasha.

Kisha ujue unachobeba. Kreti la soda za chupa lina chupa 24. Chupa ikiwa ya mililita 300, kinywaji peke yake kinapita kilo 7, bado hujapima vioo wala plastiki. Makreti 300 ni zaidi ya tani 2 za maji ya sukari nyuma ya mgongo wako. Gari la namna hiyo haliwahi kusimama kama ulivyozoea, kwa hiyo mteremko kama ule wa Kimara unashukwa na gia. Anayeweka nyutro ili abane mafuta anamwachia breki mzigo wote. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na gari linalozidi kilo 3,500 haliruhusiwi kupita 80 popote. Trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawajali kwamba wateja wanakupigia simu.

Uliza pia matingo, yaani wapakiaji na washushaji wa mzigo, ni wangapi. Ukiambiwa ni mmoja kwa makreti 300, ujue wa pili ni wewe. Nunua viatu vilivyofunika vidole na glavu ngumu, maana chupa iliyopigwa jua ikigongwa hupasuka usoni. Kreti linyanyue kwa magoti. Mgongo ukishaharibika, hakuna tajiri atakayekununulia mwingine.

Sasa tuje kwenye chupa tupu. Mwenye duka akichukua kreti anatakiwa akurudishie kreti lenye chupa zake, la sivyo alipie chupa. Hapo ndipo madereva wapya wanapolizwa. Juu utaona chupa za kampuni yako, katikati zimechomekwa za kampuni nyingine. Nyingine zimemeguka mdomo. Nyingine zilitumika kuwekea mafuta ya taa, na depo wakinusa wanazikataa. Kila iliyokataliwa inaandikwa kwa jina la gari lako. Kwa hiyo kreti halipandi garini kabla hujalikagua chupa kwa chupa, hata kama Mangi mwenye duka ananuna na nyuma yako daladala zinapiga honi. Mimi mwezi wangu wa kwanza niliona aibu kukagua kreti la mzee mmoja aliyenikaribisha chai. Chai ile niliilipa kwa mshahara.

Ndugu wa chupa tupu ni mali kauli, yaani mzigo unaoachwa kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Mteja atakwambia, “Niachie matano, kesho ukipita nakulipa.” Usikubali kwa mdomo wako. Kama kampuni inaruhusu, iwe kwenye karatasi yenye saini yake na jina la aliyeidhinisha ofisini. Malipo ya simu yaende lipa namba ya kampuni, yaani namba yake ya kupokelea malipo, yasiingie hata siku moja kwenye laini yako, kwa sababu siku hesabu ikigoma, pesa iliyopita kwako ndiyo itakayoulizwa kwanza. Weka daftari lako mwenyewe, mbali na lile la muuzaji wa kampuni: makreti yaliyotoka kamili, yaliyorudi kamili, matupu, yaliyovunjika, fedha taslimu, fedha ya simu.

Kabla ya kusaini mkataba, soma kipengele cha shoti, yaani upungufu wa mali au fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kukukata kienyeji. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi ni kiasi gani na kwa nini, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Uliza namba yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 na upande wako hauzidi 10. Uliza kama kampuni inachangia WCF, mfuko unaolipa fidia mtu akiumia kazini. Atakayekasirika kwa maswali haya amekujibu tayari.

Asubuhi angalia oili, maji, matairi, breki, jeki, pembetatu, kizima moto, na ufunge turubai. Makaratasi yawe sehemu moja: bima, kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), ankara na risiti ya EFD (mashine ya kodi) ya mzigo uliomo. Mzigo usio na risiti unaweza kukuweka pembeni siku nzima soda zikichemka.

Njia nayo ina tabia zake. Masika mto Msimbazi ukifurika, Jangwani hapapitiki, na barabara ya mabasi ya mwendokasi si yako hata foleni iwe imelala. Mchana wa Ramadhani mauzo hulala, Idi na Krismasi utatamani gari liwe mawili.

Na jioni utakaporudi depo, umechoka, mlinzi atakwambia egesha tu, matupu mtahesabu kesho. Washa tochi, mhesabu wote wawili usiku huohuo, asaini. Akikataa, piga picha kila safu ya makreti, umtumie msimamizi kabla hujafunga mlango wa gari.