SOMO: Namna ya kujipatia kitabu cha kusoma Nairobi bila kuuliza "nisome nini?"

Swali la "nisome nini?" limeulizwa hapa mpaka limechakaa. Anayeuliza hasemi anapenda nini, amesoma nini wala ana shilingi ngapi, halafu ananuna akitajiwa kitabu kisichomfaa. Naandika mara moja. Ukiuliza tena nitakutumia kiungo, nami niendelee na chai yangu.

Hatua ya 1. Taja kitabu cha mwisho ulichokimaliza bila kusukumwa na mwalimu. Si ulichokianza, ulichokimaliza. Kisha jiulize kilichokushika ni nini: fumbo, mji, au namna wahusika wanavyojibizana? Watu wawili watakwambia wanapenda riwaya za upelelezi, kumbe mmoja anataka bunduki na magari, mwingine anataka mzee aliyekaa kitini akiwaza mpaka mwizi ajulikane. Usitafute utanzu, tafuta hicho kilichokushika.

Hatua ya 2. Jua una pesa ngapi.

Hatua ya 3. Nenda vilipo vingi. Inama za katikati ya jiji, yaani vitabu vya mitumba vilivyotandazwa chini mpaka uiname kuchagua, ni nzuri kwa anayetaka kukutana na asichokijua. Duka la vitabu vipya nenda ukiwa na jina mkononi. Huna pesa? Kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, ilifunguliwa 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, halafu Maktaba ya Taifa kule Upper Hill. Penye mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu kwa nambari za mada, kumbuka nambari hizi: 896 ni fasihi ya lugha za Kiafrika, 920 ni wasifu wa watu, 960 ni historia ya Afrika. Riwaya mara nyingi huwekwa kando kwa jina la mwandishi. Maonyesho ya vitabu pale jumba la maduka la Sarit huja kwa kawaida mwezi wa Septemba. Nenda siku ya mwisho, hakuna muuzaji anayetamani kurudi na maboksi.

Hatua ya 4. Ukurasa wa haki, yaani wa hakimiliki. Hapa ndipo watu wanapigwa, kwa hiyo soma polepole.

Fungua jalada, pita jina la kitabu, geuza. Yale maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma ndiyo ya kusoma. Maneno ya jalada, "kinachouzwa zaidi duniani", yameandikwa na mwenye kukiuza. Ukurasa wa haki unakwambia kitabu kilitoka lini na kimerudiwa mara ngapi. Katika vitabu vingi vya Uingereza na Marekani kuna safu ya nambari, 10 9 8 7 na kuteremka. Nambari ndogo kabisa iliyobaki ndiyo mchapo ulioushika. Ikiwa ni 14, basi kilichapwa, kikanunuliwa kikaisha, kikarudiwa, hivyo hivyo mpaka hapo. Wachapishaji wetu wengi huorodhesha miaka yenyewe. Kitabu kilichorudiwa kila mwaka au miwili kwa miaka 20 kina wenyewe, hata kama hujawahi kukisikia.

Lakini angalia. Kitabu cha mtihani nacho hurudiwa, na sababu unaijua. Sisemi ni kibaya. *Kidagaa Kimemwozea* na *Chozi la Heri* ni riwaya za kusomwa na mtu mzima, ila wengi wetu tulizipitia tukiwinda majibu ya dondoo. Zirudie sasa hakuna anayekusahihisha.

Angalia pia jina kubwa la jalada. Robert Ludlum alifariki 2001, Tom Clancy akafariki 2013, na vitabu vyenye majina yao vimeendelea kutoka mpaka leo. Chini ya jina lile kubwa kuna jina dogo, na hilo dogo ndilo lililoandika. Huenda kitabu ni kizuri, lakini ujue umenunua kalamu ya nani.

Halafu feki. Wino umefifia upande mmoja, pambizo limekatwa likagusa maneno, picha ya jalada ina ukungu. Pitisha kurasa zote kwa kidole gumba kabla ya kutoa pesa. Ninacho kimoja nyumbani kinachotoka ukurasa wa 192 kikaingia wa 209. Vitabu huchapwa kwa mikunjo, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo ukikosa mkunjo mmoja umekosa sura. Nilipokirudisha, muuzaji aliniambia hapo katikati "hakukuwa na mambo mengi". Na ukiona popote pameandikwa kwamba kitabu kimefupishwa, rudisha, isipokuwa ni cha mtoto.

La mwisho kwenye ukurasa huo ni ISBN, nambari ya kukitambulisha kitabu. Kwenye rundo la vitabu vya ng'ambo, tafuta 9966, ni ya Kenya. 9976 na 9987 ni za Tanzania. Vilivyochapwa kabla ya 2007 vina tarakimu 10, vya baadaye 13 zinazoanza na 978 au 979. Macho yakizoea, unachomoa riwaya ya Kiswahili katikati ya vitabu 50 vya kutajirika haraka.

Hatua ya 5. Soma ukurasa wa katikati, si wa kwanza. Wa kwanza kila mtu huufanyia usafi.

Hatua ya 6. Kama si hadithi, yaani ni historia, afya, pesa au maisha ya mtu, nenda nyuma kwenye faharasa. Tafuta jambo unalolijua wewe mwenyewe, usome anavyolieleza. Mtu wa Pwani aangalie Fort Jesus: ilianza kujengwa na Wareno 1593. Mwandishi akisema ilijengwa na mwingine, hayo mengine usiyoyajua utamwaminije? Kitabu cha historia kisicho na faharasa wala maelezo ya vyanzo, mimi naweka chini. Cha afya, tazama mwaka kwanza.

Hatua ya 7. Ukurasa wa 50 umefika na bado unajilazimisha? Acha. Hakuna cheti.

MASWALI

Kevo_Umoja: Buda, hizi ziko PDF? Nitumie inbox.

Mzee wa Inama: Hapana.

Kevo_Umoja: Si useme tu huna.

Mzee wa Inama: Ninavyo, nilivinunua. Vya bure na vya halali viko kwenye tovuti ya Project Gutenberg, zaidi ya 70,000, vingi ni vya zamani ambavyo haki zake zimekwisha. Huko hutaombwa chochote, wala hutaniomba mimi.

Shiku G44: Nipendekezee kitabu kizuri basi.

Mzee wa Inama: Hatua ya 1.

Shiku G44: Sijasoma yote, ni refu.

Mzee wa Inama: Kitabu ni kirefu zaidi.

Mwanaisha: Kaka, ahsante kwa somo. Mimi ni yule wa mzee aliyekaa kitini, bunduki zinanichosha. Kwa Kiswahili nitampata? Halafu nikimmaliza nielekee wapi?

Mzee wa Inama: Dada, wewe umesoma, kwa hiyo nakujibu kwa raha. Anza na mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake mdomoni. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilitoka 1960, Kiswahili cha Unguja, hana haraka. Ukitaka kasi kidogo, yupo Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Willy Gamba wa Elvis Musiba mwache, huyo ndiye wa bunduki. Ukigundua kilichokushika ni fumbo lenyewe wala si mwizi, ruka kabisa uende kwa Kezilahabi, riwaya zake *Nagona* na *Mzingile*. Hapo hakuna atakayekwambia nani alifanya nini. Ni vyembamba, lakini usivisomee kwenye matatu.

Mwanaisha: *Nagona* nilianza nikaogopa.

Mzee wa Inama: Vizuri. Rudi usiku umeme ukiwepo.

Omosh wa Donholm: Unawapigia debe watu wa inama na wewe mwenyewe umesema walikuuzia feki. Wanakulipa?

Mzee wa Inama: Nimesema muuzaji mmoja. Feki nimeziona hata kwenye rafu zenye vioo. Ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote, na ndiyo uliyoiruka.

Omosh wa Donholm: Sijairuka.

Mzee wa Inama: Sawa, 9976 ni ya nchi gani?

Mwalimu Baraka: Ndugu, nafundisha historia. Vitabu vya Mau Mau ni vingi na vinagombana. Msomaji wa kawaida aanzie wapi?

Mzee wa Inama: Mwalimu, aanze na waliokuwemo, kisha wanahistoria. J. M. Kariuki aliandika *'Mau Mau' Detainee* mwaka 1963, yeye alikuwa kizuizini. Waruhiu Itote, Jenerali China, akaandika *'Mau Mau' General* mwaka 1967, yeye alikuwa msituni. Baada ya hapo soma Caroline Elkins na David Anderson kwa pamoja. Vitabu vyao vyote viwili vilitoka 2005 na havikubaliani kuhusu hesabu ya waliokufa. Mwanafunzi akipelekwa kwenye tofauti hiyo, aone kila mmoja aliipataje nambari yake, atajifunza historia inavyoandikwa.

Mwalimu Baraka: Nitawapa kidato cha tatu. Wataninung'unikia.

Njoro_254: Swali la pembeni. Nimenyeshewa Ngara, kitabu kimelowa. Nikianike?

Mzee wa Inama: Si juani, kurasa zitajikunja. Kisimamishe kikiwa wazi kidogo mahali penye hewa, weka karatasi za tishu kila baada ya kurasa kadhaa, uzibadilishe zikilowa. Kikikaribia kukauka, kilaze chini ya kitu kizito.

Mwanaisha: Na vidudu? Nimenunua vya mitumba, kuna wadogo wadogo wanatembea.

Mzee wa Inama: Mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kabisa, friza wiki mbili. Ukitoa usifungue mpaka kirudi joto la chumba, la sivyo kinatoa jasho.

Shiku G44: Friza yetu ina nyama.

Mzee wa Inama: Ndiyo maana nimesema funga kabisa.

Shiku G44: Sawa, nimesoma yote sasa. Cha mwisho kukimaliza kilikuwa *Siku Njema*, nilipenda vile kijana anasafiri kumtafuta babake.

Mzee wa Inama: Umeona ilivyokuwa rahisi? Mwandishi wake, Ken Walibora, aliandika na maisha yake mwenyewe, *Nasikia Sauti ya Mama*. Kiulize maktaba kabla hujanunua, kisha njoo useme ulifika ukurasa gani.