Shusha volti za prosesa kwa ThrottleStop, laptop ipoe na chaji ikae

Wakuu, kama unatumia laptop ya Intel ya kizazi cha 4 mpaka cha 9, mfano hizi ThinkPad T480 za mtumba zilizojaa mjini, kuna umeme inakula bure. Kiwandani wanaweka volti za ziada ili hata prosesa iliyotoka dhaifu ifanye kazi, sasa kama yako ni nzuri ile ziada inaishia kuwa joto tu. Na umeme wa kufanyia kazi unapanda kwa mraba wa volti, yaani ukitoka 1.0 ukaja 0.9 kwa spidi ileile umeokoa karibu asilimia 19, spidi haijapungua hata kidogo.

Hatua ya 1: daunlodi ThrottleStop, ni programu ya bure ya Windows ya kurekebisha prosesa. Kama feni ina vumbi safisha kwanza. Halafu run TS Bench, jaribio la kuipa prosesa mzigo lililomo ndani ya ThrottleStop, na uandike joto na wati unazoziona, bila hizo namba utabaki kubahatisha tu.

Hatua ya 2: bonyeza FIVR, kitufe kinachofungua dirisha la volti. Ukikuta Locked, yaani volti zimefungwa, usihangaike sana. Desemba 2019 ulitangazwa udhaifu unaitwa Plundervolt, mtu mwenye ruhusa za admin aliweza kuchezea volti akavunja ulinzi wa SGX (sehemu ya prosesa ya Intel ya kuficha data za siri), ndo Intel wakatoa marekebisho na mashine nyingi zikafungwa kupitia apdeti za BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine). Kuna wanaorudisha BIOS ya zamani, mimi kwa mashine ya ofisi sishauri kabisa. Memory Integrity, setting ya ulinzi ya Windows, nayo ikiwa on inaweza kukuzuia.

Hatua ya 3: chagua CPU Core, tiki Unlock Adjustable Voltage, Offset Voltage (kiasi cha kupunguza, kwa milivolti) weka -50, Apply. Kisha CPU Cache (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) nayo -50 vilevile. Hapa wengi wanakwama, wanashusha Core peke yake halafu wanasema haifanyi kitu, kumbe kuanzia kizazi cha 6 hizo mbili zinatumia laini moja ya umeme. Usisevu volti bado, ili ikizima ghafla ukiwasha inarudi ya kiwandani. Prosesa haiungui kwa kupunguziwa volti, kinachoweza kuharibika ni faili ulilokuwa unaandika, so funga kila kitu kabla.

Hatua ya 4, na hii ndo kazi yenyewe: teremka 10 kwa 10, kila ukishuka run TS Bench, ikileta error hata moja umepita kiwango. Ila usiamini bench peke yake jamani! Laptop inaweza kupita mzigo mzito vizuri tu halafu ikaleta skrini ya bluu ukiwa unasoma PDF, kwa sababu prosesa inaruka spidi juu chini na volti nayo inayumba, so itumie siku kadhaa kawaida, ilaze, iamshe, chomoa chaja, angalia video. Ikishazingua rudi juu 15 au 20 ubaki hapo. Usishindane na -120 ya mtu mwingine, chip hazifanani hata za modeli moja.

Hatua ya 5: sasa sevu, na itengenezee task kwenye Task Scheduler iwake na Windows. Ikitokea inazima kila ikiwaka, ingia Safe Mode (Windows inayowaka na vitu vya msingi tu) ufute faili la ThrottleStop.ini, volti zinarudi kama zilivyokuwa.