Mwanafunzi akijifungia chumbani: maelezo ya mama wadeni

Nina miaka 11 ya uwadeni, yaani ulezi wa bweni la chuo, hapa Dar es Salaam. Bweni langu lina vyumba 96, na kwa vile watoto wanabebana, mwenye kitanda akimlaza asiye nacho, idadi kamili ya wanaolala humo usiku anaijua Mungu. Sikusomea saikolojia. Nilichonacho ni funguo, na kilichonifundisha ni kuzitumia vibaya mara kadhaa. Nawaandikia wadeni wapya, maCR (viongozi wa madarasa), wahadhiri wanaogongewa mlango na mwanafunzi anayelia, na wewe unayelala kitanda cha juu huku mwenzako wa chini haamki siku ya tatu.

Usisubiri kilio. Wengi niliowakuta wamezidiwa walikuwa hawalii kabisa. Mimi naangalia ndoo: ndoo ya kuogea ikiwa kavu siku mbili mfululizo, napanda ngazi. Dada wa usafi ndiye jicho langu. Huniambia, "Mama, pale kwenye kona pazia halijafunguliwa tangu Jumatatu," na hajawahi kunipoteza. Dalili nyingine inayonishtua ni mtoto aliyekuwa akidai chenji ya mia mbili, ghafla anagawa nguo na kompyuta yake bure. Hapo sisubiri hata kesho. Na kuna majira yake: wiki za UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula; siku matokeo yanapobandikwa na watu wakajua nani ana sapu (mtihani wa kurudia) na nani amedisko (ameondolewa chuoni kwa kufeli); na bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, linapochelewa. Njaa ya siku nne inafanana sana na ugonjwa wa akili, na mara nyingi vinakuja pamoja.

Nenda peke yako au na mtu mmoja anayemwamini. Usiite jina lake kwa sauti koridoni. Gonga, jitaje, subiri. Funguo zibaki mfukoni. Ukifunguliwa, kaa. Mimi hupindua ndoo nikakaa juu yake, maana mtu aliyelala akimwona wadeni amesimama mlangoni anafikiria ukaguzi.

Swali la "una tatizo gani?" litajibiwa "shikamoo mama, niko poa," na mazungumzo yamekwisha. Uliza vitu vyenye jibu: Jana ulikula nini? Ulipata usingizi saa ngapi? Mara ya mwisho kuongea na nyumbani lini? Akisema hajala, agiza chai na chapati kwanza. Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonipa taabu kuliko yote, mimi msemaji. Usimwambie wenzake wanafaulu. Usimwambie mwanaume hujikaza. Usimwambie amepungukiwa sala. Mimi mwenyewe ni mtu wa sala, na nimeona waumini wazuri wakiumwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kama wanavyoumwa malaria.

Sasa swali lenyewe. Liulize waziwazi: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba kuuliza ni kumpa wazo. Sivyo; aliyenalo huonekana kama umemtua gunia. Ujue pia kwa nini wengi hukaa kimya: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu yetu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kwa hiyo mtoto anadhani akifungua mdomo ataitiwa polisi. Mweleze kwamba kuwaza na kumwambia mtu si kosa.

Akisema ndiyo, muulize kama ameshapanga. Ikiwa amepanga, asibaki peke yake hata dakika moja, hata chooni umsubiri mlangoni. Ondoa chumbani chochote kinachoweza kumdhuru, piga simu ya gari la wagonjwa la chuo, na mwende usiku huohuo, hata kama ni saa nane. Zahanati ya chuo ikishindwa, hospitali ya wilaya au ya mkoa itampokea, na Muhimbili wana idara ya magonjwa ya akili.

Akisema hapana, ila mawazo yamemzidi, natumia mbinu ya mabibi wa Harare, Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wanakaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Washona, watu wa huko, wana neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi; sisi tunasema tu "ana mawazo". Bibi hatibu kila kitu. Mtu anataja matatizo yake yote, anachagua moja, wanatafuta hatua ndogo inayowezekana wiki hiyo. Kijana mmoja aliniorodheshea tisa. Tulichagua la barua: kuomba kuahirisha mitihani kabla haijaanza, akiwa na karatasi ya daktari. Ukingoja mpaka umefeli, barua hiyo haina kazi.

Kisha msindikize. Hapa ndipo nilipokosea mwaka wangu wa pili: nilimwandikia binti namba ya mshauri nasaha kwenye kipande cha karatasi, nikajiona nimemaliza. Wiki tatu baadaye nikaikuta karatasi ile chini ya godoro, yeye ameshabeba begi kurudi kwao. Siku hizi navaa viatu na kwenda naye. Tunakaa foleni pamoja. Daktari anaweza kumpa dodoso la maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Mweleze mapema kwamba si mtihani. Akipewa dawa za sonona, mwambie huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, na asiziache ghafla kwa sababu amejisikia nafuu.

Siri yake isiingie kundi la WhatsApp, hata kwa kisingizio cha "tumwombee". Nyumbani tunapiga akiwa ameketi pembeni na amekubali, isipokuwa uhai uko hatarini.

Wafanyakazi tumesahauliwa kabisa. Mwaka jana alikuja mhadhiri kuniulizia mwanafunzi wake. Nikaona mikono inamtetemeka. Alikuwa na karatasi 400 za kusahihisha na mgonjwa nyumbani. Nikampindulia ndoo, nikamuuliza jana alikula nini. Alikaa mpaka magharibi. Tangu hapo tuna chai ya Jumatano saa kumi jioni kwenye stoo ya magodoro: wadeni, dada wa usafi, walinzi, na yeye. Kazi hairuhusiwi kuzungumzwa nusu saa ya kwanza. Mwenye zamu huleta karanga, na asiyetokea mara mbili, mmoja wetu anakwenda kumgongea.