Namna ya kuandika kuhusu hatia ya mauaji inayopingwa

Anza na hali ya kesi ilivyo leo: rufaa inasubiriwa, imekataliwa, au hatia imefutwa. Iweke aya ya kwanza, pamoja na mahakama na tarehe. Aliyetiwa hatiani usimwite "mtuhumiwa" eti kwa kuwa wewe una shaka. Andika "alitiwa hatiani kwa mauaji, anakana".

Shaka lazima iwe na mwenyewe. "Wengi wanaamini hana hatia" ni maneno matupu, wengi gani? Taja kama ni wakili, mtaalamu wa vinasaba au jaji aliyetofautiana na wenzake, na anapinga kipande kipi cha ushahidi: maungamo, utambuzi wa shahidi au muda wa kifo. Papo hapo eleza mahakama iliijibu vipi hoja hiyo. Hapa ndipo makala nyingi huharibika: hoja za utetezi zinamwagwa, majibu ya upande wa mashtaka hayaonekani.

Vitenzi navyo vina upande. Ukiandika shahidi mmoja "alidai" na mwingine "alieleza", umeshahukumu. "Alisema" inatosha kwa wote.

Msamaha usiuchanganye na kufutwa kwa hatia. Timothy Evans, aliyenyongwa Uingereza mwaka 1950, alipewa msamaha mwaka 1966. Hatia ya mauaji ya Derek Bentley, aliyenyongwa mwaka 1953, ilifutwa na Mahakama ya Rufaa mwaka 1998. Tena, mahakama ikisema hatia "si salama", yaani haitegemeki kiasi cha kuachwa isimame, haijatamka nani aliua. Usimalizie sentensi hiyo kwa niaba yake.