Barua pepe kwenye seva yako: kuchagua programu ya kivinjari na kuitunza

Mwongozo huu ni wa anayeendesha tayari seva ya barua, tuseme kwa programu za Postfix (inayotuma na kupokea barua) na Dovecot (inayowapa watumiaji barua zao), na sasa anataka watu wa ofisi, skuli au nyumba ya wageni wasome barua kwa kivinjari cha simu. Jua kwamba programu hii ya kivinjari haihifadhi barua. Inazichota kutoka kwenye seva kwa IMAP (itifaki ya kusoma barua) na kuzituma kwa SMTP (itifaki ya kutuma), kwa hiyo unaweza kuibadilisha bila kupoteza hata barua moja.

Hatua ya 1: Chagua

Mteja wa Paje, kijiji cha pwani ya Unguja, atauliza ipi ina sura nzuri. Wewe uliza ipi ina watu wanaoziba matundu yake ya usalama. SquirrelMail ilitumika sana zamani, lakini toleo lake thabiti la mwisho, 1.4.22, lilitoka 2011, iache. SnappyMail, iliyochipuka kutoka programu nyengine iitwayo RainLoop, ni nyepesi na haihitaji hifadhidata, inafaa seva ndogo. Roundcube inataka PHP (lugha iliyoandikiwa) na hifadhidata, ila sura yake ya Elastic inakaa vyema kwenye simu. Mimi naweka Roundcube, na hatua zinazofuata ni zake.

Hatua ya 2: Sakinisha

Elekeza seva ya wavuti kwenye folda ya public_html, si kwenye folda mama, ili folda za config (mipangilio) na logs (kumbukumbu za makosa) zisifikiwe kutoka nje. Kwenye mpangilio wa imap_host andika jina lililomo kwenye cheti cha usalama (TLS) cha seva ya barua, mfano ssl://mail.jinalako.co.tz:993. Ukiandika localhost (yaani seva hii hii) na cheti kina jina jengine, muunganisho utakataliwa na utahangaika bure kutafuta kosa kwenye nywila. Ukimaliza, futa folda ya installer.

Hatua ya 3: Sasisha mapema

Hapa ndipo wengi wanapolala. Juni 2025 yalitolewa matoleo 1.6.11 na 1.5.10 ya Roundcube kuziba tundu la usalama lenye namba CVE-2025-49113, lililomwezesha mtu aliyeingia kwa akaunti halali kuendesha amri zake kwenye seva. Lilikuwemo kwa takriban miaka 10. Maana yake, nywila moja dhaifu ya dawati la mapokezi ingetosha kuiangusha seva nzima. Mwaka 2023 tundu jengine lilitumiwa dhidi ya ofisi za serikali za Ulaya: msomaji alifungua barua tu, hakubofya kitu. Kwa hiyo tangazo la usalama likitoka, sasisha siku hiyo hiyo, usingoje Ijumaa ipite.

Kwanza toa nakala ya hifadhidata kwa amri ya mysqldump (kama unatumia MySQL au MariaDB), na ya folda ya config. Kisha fungua kifurushi kipya cha Roundcube pembeni, ingia ndani yake, endesha:

bin/installto.sh /njia/ya/roundcube

Amri hiyo inabadilisha mafaili na kurekebisha hifadhidata yenyewe.

Hatua ya 4: Umeme na nakala

Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu baada ya hitilafu ya umeme unaotoka bara. Hata umeme ukikatika dakika tano tu, hifadhidata inaweza kuharibika. Weka betri ya akiba inayoizima seva kwa utaratibu, na peleka nakala moja nje ya kisiwa kila usiku.

Hatua ya 5: Jaribu

Baada ya kila sasisho, tuma barua yenye kiambatisho kwa simu isiyo kwenye WiFi ya ofisi, kisha soma logs/errors.log.