Kulipa madeni ukiwa na miaka arobaini na kitu bila kugusa akiba ya uzeeni

Nimeuandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwenzangu wa kazini kupanga madeni yake matatu. Alikuwa ameshaamua kutoa akiba yake ya pensheni ayalipe yote kwa mkupuo. Tulipopiga hesabu, deni moja tu ndilo lililostahili haraka ile.

Hatua ya 1: Orodhesha. Daftari na kalamu vinatosha. Kwa kila deni andika salio, rejesho la mwezi na mwezi wa mwisho.

Hatua ya 2: Tafuta riba halisi. Hapa tulia, hata kama itakula siku nzima.

Ukiambiwa riba ni asilimia 12 kwa mwaka, uliza: inatozwa kwenye salio linalopungua, au kwenye kiasi chote ulichokopa tangu mwanzo? Chukua mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12. Riba ikifuata salio, rejesho ni takriban 106,600 kwa mwezi, na riba yote ni kama 79,400. Isipopungua, rejesho ni 112,000 na riba ni 144,000. Zote zinaitwa asilimia 12, lakini huo wa pili unakugharimu zaidi ya asilimia 21 kwa mwaka, kwa sababu unaendelea kulipia riba fedha ulizokwisha kurudisha.

Kisha angalia ada na bima zilizokatwa kabla hujapokea fedha. Ukidaiwa 1,200,000 lakini mkononi ikaja 1,150,000, gharama imepanda tena. Na riba inayotajwa kwa mwezi igeuze iwe ya mwaka: asilimia 8 kwa mwezi ni 96 kwa mwaka, na ikiachwa ijilimbikize inapita 150.

Bado kuna jambo moja. Omba kwa maandishi kiasi cha kufunga mkopo leo. Baadhi ya mikataba hukudai riba yote hata ukimaliza mapema, na mingine ina faini ya kuwahi. Kiasi hicho kikilingana na jumla ya marejesho yaliyobaki, kuharakisha hakukuokolei chochote. Endelea na rejesho la kawaida, nguvu zako zipeleke kwenye deni jingine.

Hatua ya 3: Linganisha na uwekezaji wako. Deni la asilimia 21 lilipwe kwanza. Hakuna uwekezaji salama utakaokupa faida hiyo kila mwaka. Deni la asilimia 5 liache liende kwa ratiba yake.

Ila fedha za kulipia zitoke kwenye kipato, zisitoke kwenye mfuko wa uzeeni. Milioni 1 unayoitoa ukiwa na miaka 42 ingekuwa karibu milioni 4 ukifika 60, kama mfuko unapata asilimia 8 kwa mwaka na faida inabaki humo. Mwajiri akichangia kulingana na unachochangia wewe, usishuke chini ya kiwango kinachokupa mchango wake wote. Unachoweka kwa hiari juu ya hapo ndicho cha kusimamisha kwa muda.

Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo ili upate moyo. Mimi nasema anza na lenye riba kubwa. Katika umri huu kila mwezi wa riba unakula miaka ya kuwekeza iliyobaki.

Hatua ya 4: Tenga dharura. Matumizi ya mwezi mmoja, yakae mbali na akaunti ya kila siku.

Hatua ya 5: Lipa ziada. Mwandikie mkopeshaji kwamba ziada ipunguze deni lenyewe. Usipotaja, anaweza kuihesabu kama rejesho la mwezi ujao, na riba ikabaki palepale. Mwezi unaofuata omba taarifa ya mkopo uhakikishe salio limeshuka.

Hatua ya 6: Funga. Chukua barua ya kumaliza deni, na mdhamini wako naye apewe nakala. Mwezi huohuo agiza benki ihamishe kiasi kilekile cha rejesho kwenda kwenye mfuko wa uzeeni, siku ileile ya mshahara, kabla hakijapata matumizi mengine.